Saa ya Mjomba Haikosei

Siku ya tatu ya msiba wa mjomba wangu, mkewe aliniita chumbani kwake, akafungua kitambaa cheupe na kunikabidhi saa ya mkono. Alikuwa ameshaingia eda, amejitanda shuka jeupe, macho yamemvimba. Hakuzungusha maneno.

"Mjomba wako alisema upewe wewe," aliniambia. "Uipeleke kwa fundi."

"Fundi gani, mama?"

"Yeyote anayejua saa. Ila uipeleke wewe mwenyewe. Usimtume mtu."

Sijavuka hata kizingiti, habari ilikuwa imeshafika barazani. Mjomba alikuwa na watoto wa kiume watatu, watu wazima wenye ndevu zao. Kwetu Uziguani mpwa ana nafasi yake, na saa yenyewe mjomba aliirithi kwa mjomba wake, aliyeinunua kwa jasho la mkonge kabla ya Uhuru. Lakini mpwa aliyetarajiwa ni wa kiume, na kaka zangu wawili walikuwa wamekaa palepale wakinitazama. Mimi ni mwanamke, tena mwalimu wa shule ya msingi, tena mtu ambaye tangu utotoni naambiwa nina siafu miguuni. Nani amkabidhi mtu wa namna hiyo kitu cha ukoo?

Aliyechukia zaidi ya wote alikuwa mama yangu, dada yake marehemu, tumbo moja. Aliitazama saa mara moja, akageuza uso. "Ningepewa mimi ningeitupa chooni," alisema, na alisema ili watu wasikie.

Mama hakuwa amelia tangu msiba uanze. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mzee wa ukoo alisimama uani akasema maneno yanayosemwa siku zote: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na mwenye kinyongo naye amsamehe, akapumzike. Wanaume nje wakaitikia kwamba wamesamehe. Sisi wanawake tukaitikia ndani. Mama akainuka, akachukua ndoo, akaenda kisimani. Kisimani! Nyumba imejaa maji yaliyoletwa na kila jirani. Hakuna ambaye hakumwona.

Baadaye yule mzee alinivuta pembeni. "Mwalimu, zungumza na mama yako. Arobaini isifike bado ana lile neno moyoni. Ni kaka yake." Nikamwahidi. Nilimwahidi harakaharaka kama ninavyoahidi kila kitu, halafu nikaanza kuhesabu siku zilizobaki.

Mjomba alikuwa mtu wa mkonge. Ujana wake wote aliumaliza kwenye shamba moja upande wa Korogwe, akilisha majani kwenye korona, ule mtambo unaochuna mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu. Kazi zilipopungua alirudi kwao Handeni na sanduku la bati na saa mkononi. Haukupita mwaka tukahamia kijiji cha Ujamaa, upande wa Kwedizinga. Nyumba zikapangwa kwa mistari, shamba la kijiji likapimwa, na kwenye mkutano wa kwanza mwenyekiti akauliza nani atashika saa, maana kazi ya pamoja haiendi kila mtu akiamka anavyotaka. Watu wakageuza vichwa kutafuta mkono wenye saa. Ulikuwa mmoja tu. Wakampigia makofi kabla hajafungua mdomo.

Tangu siku hiyo akaitwa mwenye saa. Kwenye mkwaju uliokuwa katikati ya kijiji alitundika kipande cha reli, ile reli nyembamba ya vitoroli vya mkonge, akawa anakigonga kwa nati kubwa. Mlio wa kwanza, amkeni. Mlio wa pili, muwe mmeshafika shambani. Aliyefika baada ya mlio wa pili alirudishwa nyumbani, na siku yake haikuandikwa.

Kila asubuhi, kabla ya kugonga, mjomba aliwapa watu mgongo, akaitia saa ufunguo taratibu, akaipangusa kwa ncha ya shati, ndipo akageuka na kuutazama mkono wake kama anayesoma barua. Watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Mimi tu, mara mojamoja, kwa kuwa nilikuwa msumbufu na alinipenda, aliniinamia na kuniwekea ile saa sikioni, mkono wake umenizunguka kichwa, vidole vinanuka tumbaku.

"Unaisikia?"

Naisikia, mjomba. Ti, ti, ti, ti. Nilikwenda shule nikiwa na hakika kwamba duniani kuna kitu kimoja kisichosema uongo, na kitu hicho ni cha kwetu.

Na watu waliipenda saa yake, lazima niseme. Siku za jua kali ilikwenda mbio, saa sita ikafika mapema, tukarudi nyumbani. Siku za mvua za kwanza, wakati wa kupanda, ilijikokota na hakuna aliyelalamika. "Saa ya Uswisi hiyo," wazee walisema, kana kwamba wamefika Uswisi. Alikuwepo mtani wetu mmoja, mzee aliyebaki huku tangu enzi za mkonge, ukoo wake na wetu ni watani. Alipenda kumwigiza mjomba mbele ya watu. Anaukunja mkono mtupu, anautazama, anatikisa kichwa, kisha anatoa sauti ya puani: "Saa yangu haikosei." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha ikaja siku ya bwana wa wilayani.

Huko wilayani walikuwa wameambiwa kijiji chetu ni cha wavivu. Basi alikuja na Landrova yake alfajiri, ana daftari na saa inayong'aa, akasimama ukingoni mwa shamba kutuhesabu. Shule nzima nayo tulikuwepo na majembe yetu. Mjomba aligonga mlio wa pili. Mstari ukanyooka. Ndipo mama akatokea njiani, anakimbia, jembe begani, khanga imemlegea. Mdogo wangu alikuwa na homa, na mama alikuwa amekaa naye mpaka jirani aje kumshika.

Bwana wa wilayani akatazama mkono wake. "Mbona kwangu bado robo saa?" alisema. "Mama huyu hajachelewa."

Mjomba aliitazama saa yake. Aliitazama muda mrefu kupita kawaida. Kisha akainua kichwa.

"Yako inachelewa, bwana. Saa yangu haikosei." Akamgeukia mama. "Rudi nyumbani. Saa imepita."

Kijiji kikalipuka kwa kicheko na vigelegele. Hatukumcheka mama, au angalau ndivyo nilivyojiambia. Tulishangilia mtu wetu aliyemziba mdomo mkubwa wa wilaya. Lakini aliyesimama mbele yetu wakati tunacheka ni mama. "Kaka, jua si lile pale," alisema, na akanyoosha kidole kwenye jua lililokuwa ndiyo kwanza linajinasua kutoka vilimani. Mjomba hakulitazama jua. Mama akageuka, akarudi alikotoka, polepole sasa.

Mimi nilikuwa kwenye mstari. Nilipiga makofi kama wote.

Nyumba zao zilikuwa mstari mmoja, zimeachana kwa nyumba tatu, lakini mama hakumsalimu tena kaka yake. Mjomba akisalimia, mama anafukuza kuku. Siku ya Idi alitutuma sisi na sahani, yeye hakutia mguu. Mtu akimuuliza saa ngapi, anajibu, "Muulizeni mwenye saa." Na kuna jambo jingine ambalo wakati ule niliona ni kero tu. Tangu siku ile mama hakuchelewa popote. Basi la saa tatu, yeye saa kumi na mbili yuko kando ya barabara, furushi mapajani. Harusi ya kaka yangu tulifika kwa wakwe hata uwanja hawajafagia. Alitazama jua, halafu akauliza jirani saa ngapi, halafu akalitazama tena, kama mtu asiyeamini macho yake. Alinichosha. Nilipopata ualimu nikazidi kumkatalia: "Mama, saa ni saa. Ulichelewa, basi." Nilimwambia hivyo si mara moja.

Sasa mpango wangu ulikuwa huu. Ile saa nilipewa imesimama. Nitaipeleka kwa fundi, itasafishwa, itakwenda. Nitaileta kijijini, nitaiweka kando ya redio wakati wa taarifa ya habari, mama aone mwenyewe inavyolingana na ile milio ya redio. Hapo atakubali kwamba kaka yake hakumwonea, na atasamehe. Mpango wa kijinga, nauona leo. Siku ile niliuona wa busara kupita kiasi.

Nilikuwa nafundisha Korogwe, nimepanga chumba Kilole. Fundi wa saa alikaa barazani pa duka la vitambaa karibu na stendi, ana sanduku la kioo na lenzi ya kubana jichoni. Alikuwa Mkristo, mtu wa makamo aliyezaliwa kwenye kambi za mkonge. Baba yake alikuja kwa mkataba kutoka mbali na hakurudi tena kwao. Alizungusha ufunguo wa saa karibu na sikio lake, akakunja uso.

"Unazunguka bure huu. Iache, mwalimu. Upite wiki ijayo."

Wiki ijayo! Nilipita kesho yake asubuhi. Nikapita jioni. Nikapita keshokutwa na chaki mkononi, nimewaachia watoto hesabu ubaoni. Fundi alikuwa na kazi za watu waliotangulia na hakuwa na haraka hata chembe.

"Mwalimu, saa haitengenezwi kwa kusimamiwa," alinitania. Nikasimama tu. Kukaa nilikuwa siwezi. Benchi lake liliniwasha.

Siku ya nne aliifungua mgongo kwa kisu. Akatazama. Akaitoa lenzi jichoni, akaifuta, akatazama tena.

"Marehemu alifanya kazi korona?"

Sikuwa nimemwambia. "Umejuaje?"

Akanipa lenzi. Ndani niliona kitu cha kijani kimegandamana, kigumu, na vigurudumu vimeshikana humo. Springi ilikuwa vipande viwili vyekundu.

"Haya ni maji ya korona," alisema. "Baba yangu alikuwa na pete ya shaba, ilioza hivihivi, rangi hiihii. Yale maji yanakula hadi ngozi. Yakishaingia humu ndani, basi tena."

"Lakini marehemu alitoka mkonge zamani, fundi. Nilikuwa mtoto. Saa imesimama juzi tu alipougua."

Fundi hakucheka. "Springi ilikatika, na palipokatika pameota kutu juu ya kutu. Hili gurudumu limeshikana na bamba. Mishale unaweza kuisogeza kwa ufunguo, ikaonyesha saa unayoitaka. Lakini kwenda, mwalimu, hii haijaenda tangu ilipotoka mkonge."

Nilimjia juu. Nilipaza sauti pale barazani mpaka wateja wa vitambaa wakageuka. Nilimwambia hajui kazi, nilimwambia hiyo saa nimeisikia mwenyewe, kwa sikio hili. Akainamia sanduku lake kama mtu anayengoja mvua ipite. Nikabeba mkoba wangu nikaondoka, saa nikaiacha mezani kwake imefunguka.

Nilitembea mpaka darajani, nikarudi hadi stendi, nikaenda tena darajani. Hapo nikaegemea chuma nikitazama maji ya mto, hasira zinanitoka puani. Na kwa kuwa mwili wangu haujui kutulia, kidole kilikuwa kinagongagonga. Nilikisikia kabla sijakiona. Ukucha wangu wa kidole cha shahada, kwenye chuma cha daraja. Ti, ti, ti, ti.

Mkono wa mjomba umenizunguka kichwa. Vidole nyuma ya sikio langu, vinanuka tumbaku.

Nilikiacha kidole kigonge, kwa mwendo ule niliouzoea, na ulikuwa ndio wenyewe: mlio wa utotoni ulikuwa ukucha wa mjomba. Yote yakanijia kwa mpigo. Kila asubuhi mjomba aliwapa watu mgongo ili asogeze mishale. Kila asubuhi aliitia ufunguo saa iliyokufa. Kijiji kizima kiliamka, kililima na kilikula kwa kutazama jua, jua la macho ya mjomba, naye akituambia ni Uswisi. Ndiyo maana saa yake ilikuwa na huruma siku za joto. Na siku ile, saa ya bwana wa wilayani ilikuwa inakwenda kweli. Mama hakuwa amechelewa. Mjomba angesema, "Huenda yangu imekosea," yule bwana angenyoosha mkono: hebu niione. Na mtu aliyepigiwa makofi na kijiji kizima angeivua mbele yao, na siri ingefunguka kama ilivyofunguka kwa fundi. Basi akaiokoa saa, akamtupa dada yake.

Nililia kwa hasira. Nilimchukia mjomba, maiti ya juzi, pale darajani, watu wakipita na baiskeli. Kisha nikakumbuka maneno ya mkewe. Uipeleke kwa fundi. Wewe mwenyewe. Usimtume mtu. Katika uhai wake hakuna fundi aliyewahi kuigusa. Alijua fundi ataona nini. Na alinijua mimi, mtu asiyeweza kukaa na neno. Hakuwapa wanawe kwa sababu wanawe wangenyamaza.

Nilirudi barazani kwa aibu. "Nisamehe, fundi."

"Kaa," alisema. Safari hii nikakaa.

Alinieleza kwamba vipuri hakuna, hata sabuni tunapangia foleni. Lakini Mkumbara kuna mzee mwenye saa ya namna ileile, aliikanyaga kioo kikavunjika, ndani ni nzima. Nikiipata, yeye fundi ataihamisha springi na vigurudumu. "Ila nikishaisafisha," aliongeza, "hapatakuwa na mtu wa kujua ilikuwaje. Fikiri kwanza."

Nilifikiri siku nyingi, na mimi si mtu wa kufikiri nikiwa nimetulia. Nilifundisha darasa la nne mada niliyowafundisha juzi yake. Niliunguza maharage mara mbili. Nikiitengeneza nikanyamaza, mama atakufa akiamini alichelewa. Nikiipeleka imeoza, kijiji kitajua, na watani hawana breki. Mjomba atageuka kichekesho kwenye arobaini yake mwenyewe, wanawe wamekaa hapo. Heshima ya watu wawili ilikuwa kwenye mkoba wangu mmoja, na sikuona ya kuiacha.

Mwishowe nilikata shauri la mtu mwenye papara: nibebe vyote viwili, saa iliyopona na uozo wake. Jumamosi nilidandia lori hadi Mkumbara, nikamkuta mzee kibarazani anachagua mbegu. Nikampa shikamoo. Hakutaka kuitoa saa yake mbovu. "Mbili mbovu utazifanyia nini, binti?" Nikamwambia ukweli nusu, kwamba ni ya marehemu mjomba. Akaniomba kwanza nimwandikie barua kwa mwanawe aliyeko bandarini Tanga, barua ndefu yenye lawama nyingi, nikaandika kurasa tatu, akaniletea saa imefungwa kwenye soksi.

Fundi aliosha kila kipande kwa petroli, akavipanga, akavifunga. Vile vilivyooza alivikunja kwenye karatasi ya daftari kama nilivyomwomba. Kisha akaniwekea saa sikioni. Ilikuwa inakwenda. Lakini mlio wake ulikuwa mwembamba, wa mbio, haukufanana hata kidogo na ule niliokua nao. Nilisikitika, na nilishangaa kwamba nasikitika.

Nilifika kijijini siku moja kabla ya arobaini. Mama alikuwa uani anapepeta mahindi. Alikuwa ameshatangaza kwamba kesho yuko shamba, na alikuwa ameshaandaa jembe, limeegemea ukuta tangu asubuhi. Nilimwamkia, nikakaa chini mbele yake, nikaifunua karatasi.

"Nini hicho?"

"Matumbo ya saa ya mjomba."

Nikamweleza. Nilijikwaa, nikarudi nyuma, nikaruka mbele, lakini nilieleza yote: korona, kutu, mishale, ukucha. Ungo ulisimama mikononi mwake. Nilipomaliza, aliokota kipande cha springi akakigeuza kwenye mwanga.

"Alijua?"

"Alijua, mama. Kila asubuhi aliitia ufunguo."

"Na siku ile?"

"Siku ile pia."

Nilingoja achachamae. Aliweka ungo chini. "Mimi nililiona jua," alisema. "Nilijua nimewahi. Nikasema, kama saa imesema hapana, basi ni mimi. Macho yangu ndiyo yameharibika. Wewe mwanangu unafikiri nilipenda kukaa barabarani kungoja basi na umande? Nilikuwa naogopa. Miaka yote hii naogopa kupitwa na kitu ambacho wenzangu wanakiona, mimi sikioni."

Nilimkumbuka na furushi lake mapajani, nami nikimcheka. Nikamshika miguu nikamwomba radhi, kwa makofi niliyopiga na kwa yale maneno ya saa ni saa. Aliniambia ninyanyuke, ninamchafulia mahindi. Kisha akaichukua ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga yake, fundo gumu, akaendelea kupepeta. Hakusema atakwenda. Hakusema hatakwenda.

Asubuhi ya arobaini jembe lilikuwa palepale ukutani na mama alikuwa bado amelala. Sijawahi kumkuta mama amelala. Hitma ilikuwa ianze saa nne. Mimi saa mbili nilikuwa nimeshavaa, nazunguka uani, saa ya mjomba mkononi mwangu. Mama aliamka, akachemsha chai. Akala muhogo wake, kipande kwa kipande. Akaoga. Akajipaka mafuta ya nazi nywele zote, akazisuka upya.

"Mama, saa nne hiyo."

"Ehee."

"Mama, ni saa nne na robo. Watu wameshaanza!"

"Jua ninaliona," alisema, na akachagua khanga nyingine ya kujitanda juu.

Tulitembea zile nyumba tatu kwa mwendo wa bibi harusi. Dua ilikuwa imekwisha, watu wamejaa uani na barazani wakingoja chakula. Yule mtani wetu alikuwa amevaa koti na kofia ya marehemu, kama desturi yao ilivyo, anawachekesha watu. Akatuona. Akaukunja mkono mtupu, akautazama, akatikisa kichwa.

"Rudi nyumbani!" alisema kwa ile sauti ya puani. "Saa imepita!"

Kicheko kilianza, kikakatika njiani. Watu walikumbuka wanamcheka nani. Mtani mwenyewe alibaki ameinua mkono, hajui pa kuuweka. Mzee wa ukoo aliinamisha macho. Kwenye mlango wa ndani alisimama mke wa mjomba, na shuka lake jeupe la eda, ameshika mwimo kwa mikono miwili. Niliutazama mkono wa mama. Ulikuwa umeshika fundo la khanga. Neno moja tu lilitosha, na kijiji kizima kilikuwepo kulisikia.

"Ni kweli," mama alisema. "Nimechelewa. Saa ya kaka yangu haikosei."

Akamgeukia mzee wa ukoo. "Shikamoo, mzee. Ile siku ya maziko nilikwenda kisimani. Leo nimekuja kusema nimemsamehe. Naye huko aliko anisamehe."

Mzee akamshukuru Mungu kwa sauti, wengine wakaitikia. Mtani alivua kofia ya marehemu akaikunjakunja. Mama alipita katikati ya watu hadi ndani, nami nyuma yake, na mke wa mjomba akasogea kwenye mkeka akampa nafasi. Wakakaa bega kwa bega. Baada ya kitambo nilimwona mjane anaunyoosha mkono, anagusa lile fundo kwa kidole kimoja.

"Fundi kasema nini?" aliuliza polepole.

"Kasema ilichafuka tu," mama alimjibu. "Akaisafisha."

Yule mwanamke akamwegemea mama begani, na hapo ndipo mama alipoanza kumlilia kaka yake.